Mafundi wa paa kutoka Bweni: niliyoyaona kwenye nyumba yetu kongwe ya Pangani

Kwa mwenye haraka: waiteni. Msiwaite Machi masika inapobisha hodi, na msiwalipe hela ya mwisho kabla hamjamwaga ndoo ya maji kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, mkaona yanaelekea wapi. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Sasa kwa mwenye nafasi. Nyumba ni ya ukoo, iko Pangani mjini, nyuma kidogo ya mtaa unaotazama mto. Ni ya ghorofa moja, mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Anaishi mama yangu mkubwa na mjukuu wake. Sisi wengine tumetawanyika, mimi nafundisha Tanga. Hapo zamani juu palikuwa na dari bapa la boriti za mikoko na zege la chokaa, kama nyumba nyingi za mawe za pwani. Baadaye, enzi ambazo hata mama mkubwa hazikumbuki, likapandishwa paa la bati juu ya dari lile. Kwa hiyo kuna bati, kisha uwazi ambao mtu mzima hupita akiwa ameinama, kisha dari lenyewe. Uwazi huo ulikuwa milki ya popo.

Aliyekaa Pangani haelezwi habari ya unyevu. Mto unaingia baharini pale pale mjini, asubuhi ukungu unakaa juu ya maji, na kanga uliyoianua kavu jioni unaivaa mbichi alfajiri. Kusi ikivuma inaleta chumvi. Masika ikipita unadhani umepumzika, vuli hiyo. Watalii huipenda sana kutu ya mapaa yetu, wanaipiga picha. Hawalali chini yake.

Kabla ya hawa wa Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto, walikuja wengine. Walifanana wote: walisimama barabarani, wakaweka mkono juu ya macho kukinga jua, wakataja bei. Mmoja alitoka Tanga na pikipiki, akapiga hesabu kwenye simu akiwa bado amevaa helmeti: toa mabati yote, weka bati la msauzi la rangi, unene wa geji 30, maliza. Mwingine alitaka kupaka lami kwenye kila kichwa cha msumari. Mama mkubwa akamwuliza lami itakaa muda gani, akasema, "Mama, mpaka tutakapokutana tena." Alipewa soda, akaaga.

Fundi wa Bweni alivuka na kivuko cha asubuhi akiwa na kijana wake mmoja. Mtu wa makamo, mfupi, kandambili, bisibisi mfukoni. Akamwamkia mama mkubwa, akaulizia afya, akaomba ngazi na tochi. Bei hakuitaja. Alipanda kule kwenye uwazi na akakaa huko mpaka chai yake ikapoa, sisi chini tukisikia gogo, gogo, gogo, anagonga mbao moja baada ya nyingine. Aliposhuka alikuwa na kinyesi cha popo mpaka kwenye nyusi.

"Mama, haya maji yanadondoka usiku hata kama mvua haikunyesha?"

"Yanadondoka, mwanangu. Mimi nikasema ni popo hao, wananikojolea."

"Popo wamo. Lakini yale ni jasho la bati."

Hapo ndipo nilipomwamini. Miaka yote tulikuwa tunatafuta tundu. Akatueleza: mchana ule uwazi unajaa hewa yenye maji, kutoka mtoni, jikoni na hata kwenye pumzi zetu. Usiku bati linapoa kuliko kitu kingine chochote juu ya nyumba. Hewa ile ya vuguvugu ikiligusa kwa chini inageuka matone, matone yanatambaa mpaka kwenye pao, ubao unaoshikilia bati, yanadondoka darini, na zege la chokaa linayanywa. Ukibadilisha bati ukaacha hewa imefungiwa, umenunua bati jipya la kutoa jasho. Matundu ya kweli yalikuwepo pia, hasa kwenye kofia, lile bati la kileleni mwa paa, na kwenye misumari ya upande wa kusi, lakini kwa makadirio yake sehemu kubwa ya madoa ya darini ilitokana na jasho. Wale waliotazama kutoka barabarani wangelijuaje hilo?

Wanaotafuta fundi wa nyumba kongwe wachukue hilo tu kama hawana muda wa kusoma yaliyobaki: mtu asiyepanda ndani hajaiona kazi.

Mbao. Alichokuwa anakigonga kule juu ni kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, na mtambaa panya, ubao unaolala juu ya ukuta. Mbao za zamani zile za mvule nyingi zilikuwa nzima, zinalia kama chungu kizima ukizigonga. Zilizooza zinaitikia kwa sauti nzito, na bisibisi inazama bila kusukumwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye vichwa, pale mbao inapoingia ukutani. Ukuta wa matumbawe unavuta maji, kichwa cha mbao kimelala ndani yake, mchwa wanamalizia. Mafundi wengine wangeng'oa kila kitu, maana mbao mpya ni hela na mbao kuu kuu ya mvule nayo ni hela ukijua wa kumuuzia. Huyu alikata vichwa vilivyooza, akaunga kwa mbao za kutoka Mafinga, Iringa, zilizopigwa dawa, akafunga kwa bolti, na pale zinapoingia ukutani akaacha nafasi ndogo pembeni ili zipate hewa. Nilimwuliza kuhusu boriti za mikoko, nikidhani ingependeza kurudishia kitu kile kile. Akacheka. "Mikoko ni hifadhi, dada. Unataka nikalale ndani?"

Kuhusu bati nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa.

Kwanza geji. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kuna watu wazima wenye nyumba zao wanaamini kinyume chake, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. Pili koti. Bati ni chuma kilichovalishwa koti, na kwenye hewa ya chumvi koti ndilo linaloamua umri. Tulichukua geji 28 yenye koti la alumini na zinki, lile ambalo mchanganyiko wake ni alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6, halafu rangi juu yake. Tatu, maandishi madogo ya dhamana. Dhamana nyingi za mabati zina kifungu kuhusu nyumba zilizo karibu na bahari. Kisome ukiwa bado na hela yako mkononi.

Alituagiza tukate mabati kwa urefu kamili kutoka kofia hadi ukingoni, ili kusiwe na kiungo katikati ya mteremko, maana maji ya mvua ya upepo hupandia hapo. Ushauri mzuri, usafirishaji wa taabu: mabati marefu kwenye fuso kutoka Tanga, halafu kuyapitisha kwenye vichochoro vyetu vya mji wa kale, vijana wanne kila upande wakipiga kelele kwenye kona.

Duka tulilonunua, silitaji, lilituletea mzigo uliokuwa umelowa. Ukiangalia kwa juu huoni kitu. Fundi akachomoa bati la katikati, akalielekeza kwenye jua, akapitisha kidole: kumetanda unga mweupe, kama wa chaki. Ni kutu nyeupe. Maji yakibanwa katikati ya bati na bati, bila hewa, zinki inaanza kuliwa kabla hata hujapanda ngazi. Akakataa kufunga yale yaliyoliwa zaidi. Tulibishana na duka kwa simu, wakasema ni vumbi, mjomba akapanda gari akaenda nalo moja mpaka kaunta, wakabadilisha. Yaliyobaki fundi aliyasimamisha uani kwa mteremko, vijiti vya mbao katikati ya kila bati na jingine, turubai juu lakini pembeni wazi. Mama mkubwa alilalamika kuwa uani kumekuwa bandari.

Siku ya kukata kijana mmoja alikuja na grainda. Fundi akaichomoa kwenye umeme mwenyewe. Cheche za grainda ni chuma cha moto, zinatua juu ya rangi, zinajichimbia, na baada ya wiki chache kila cheche ni doa la kutu, wewe unalaumu kiwanda. Walikata kwa mkasi wa bati, polepole, mikono ikiwauma. Na kila jioni kijana alipanda na ufagio laini kufagia vumbi la chuma lililotokana na kutoboa. Kitu kidogo hicho sijaona fundi mwingine akikifanya, na nimeshaona mapaa mengi yakifungwa tangu barabara ya Tanga ianze kushughulikiwa na watu waanze kukarabati majumba.

Skrubu nazo. Kila skrubu ina wosha ya raba. Ukikaza kidogo mno maji yanapita, ukikaza mno raba inachomoza pembeni, inapasuka kwa jua, maji yanapita vile vile. Nilipanda ngazi nikamtazama kwa muda: anakaza, anasimama, anaangalia raba imevimba sawasawa pande zote, anahamia nyingine. Kijana akizidisha anaambiwa aitoe na kuweka wosha mpya. Pia waliyapanga mabati kuanzia mwisho wa magharibi kuja mashariki, ili ukingo wa kila bati la juu uupe kusi mgongo. Wa helmeti angeanza popote ngazi ilipoegemea.

Kwa ajili ya jasho walifanya mambo mawili: walitandika karatasi maalumu ya kuzuia unyevu chini ya bati, ikining'inia kidogo katikati ya mapao ili matone yateremke hadi nje, na wakaacha hewa iingie ukingoni na kutokea kwenye kofia. Matundu yote yamezibwa kwa wavu. Popo waliachiwa njia ya kutokea usiku kwanza, kisha ndipo wavu wa mwisho ukafungwa. Fundi alisema ukiwafungia ndani itanuka nyumba nzima na pia ni dhambi. Wamehamia kwenye mwembe wa jirani. Jirani ameshatuletea malalamiko.

Pale paa linapokutana na ukuta uliopanda juu zaidi, ule wa upande wa ngazi, nilitegemea waje na saruji. Ndivyo wanavyofanya wote: wanabandika saruji, inapasuka masika ya kwanza, wanabandika nyingine. Yeye alichimba mfereji mwembamba ukutani, akaingiza kipande cha bati kilichokunjwa kifunike maungio, akaziba kwa chokaa na mchanga kwa sababu ukuta ni wa chokaa na unahitaji kupumua. Lakini chokaa mbichi inakula alumini na zinki, kwa hiyo kwanza alilivalisha bati utepe wa plastiki nzito pale linapogusa. Alinionyesha kipande cha bati la zamani alichokitoa mahali hapo hapo: kimetobolewa mstari mnyoofu, kimefuata chokaa kama kilichorwa kwa rula.

Jiko la uani lina mabati ya asbesto, yale ya kijivu ya zamani. Mjomba alitaka yavunjwe kwa nyundo siku moja yaishe. Fundi alikataa kabisa. Yalilowanishwa maji, yakafunguliwa moja moja yakiwa mazima, vijana wamefunika pua, yakafungwa kwenye nailoni. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, alisema, na jiko hilo anapikia mama yako. Mjomba alikwenda kuuliza halmashauri yapelekwe wapi, na akiwa huko akaulizia pia kibali cha ukarabati. Hilo la kibali msilipuuze: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na katika mji kama huu huwezi kujua nyumba yako inaangukia upande gani mpaka uulize.

Sasa malalamiko.

Muda. Kivuko kikiwa na foleni wanachelewa, kivuko kikiwa hakina foleni wanachelewa. Ijumaa wanaweka vifaa chini saa tano, hilo ni sawa, tunaswali wote; lakini kurudi baada ya swala ni bahati. Kulikuwa na msiba Bweni, kazi ikasimama paa likiwa nusu wazi, na tulichokuwa nacho ni turubai na dua. Simu ya fundi inazimwa bila taarifa. Ukimwambia, anajibu kwa upole mkubwa kabisa, "Samahani dada yangu, chaji," nawe unabaki na hasira zako.

Gata. Hapa nina kinyongo. Watu waliokuwa makini hivyo kwenye paa walifunga gata kama vile ni pambo. Upande wa mtoni mwinamo umeelekea kinyume kidogo, maji yanakusanyika mwisho usio na bomba, yakijaa yanamwagikia ukutani. Kwa nyumba ya matumbawe hilo si jambo dogo, ukuta ukilowa chini unyevu unapanda, na kazi yote ya juu inaanza kuharibiwa kwa chini. Isitoshe mama mkubwa anayataka maji yale. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 100, mvua ya milimita 50, ni lita 5,000 ukitoa kidogo kinachopotea. Nusu yake tunamwagilia kichochoro. Fundi alikuja akatazama, akakiri kuwa vishikio viliwekwa na kijana kwa kukadiria macho, akaahidi kuvihamisha. Naandika haya bado havijahamishwa.

Misumari ya zamani ilitapakaa uani kila mahali, na mjukuu hutembea peku. Hapa walijikomboa: kijana alitoa sumaku ya spika mbovu, akaifunga kamba, akampa mtoto aiburute uani kama gari. Alijaza kopo. Akalilia kubaki na ile sumaku, akaachiwa.

Bei. Ufundi waliomba 2,400,000, tukaelewana 2,100,000, kwa mkataba wa kurasa mbili za daftari: sehemu ya kuanzia, sehemu mabati yakishafika juu, sehemu baada ya mvua ya kwanza. Hilo la mvua ya kwanza tulilipendekeza sisi, naye hakununa. Wa helmeti alikuwa nafuu zaidi. Vifaa tulinunua wenyewe kwa orodha yake, na orodha haikuwa na chumvi. Zilibaki skrubu za kutosha sahani ya chai na vipande vya bati ambavyo vimekuwa banda la kuku.

Masika ilipokuja nililala pale makusudi, chumba cha juu, kile ambacho tulikuwa tunapanga masufuria. Ilinyesha tangu isha. Kelele za bati ziko chini kuliko zamani, nadhani kwa sababu ya ile karatasi. Asubuhi nilipanda kwenye uwazi na tochi: mapao makavu, karatasi ina matone upande wa juu yakielekea ukingoni kama alivyosema, harufu ya popo imebaki lakini imepungua. Darini hakuna doa jipya. Yale ya zamani yapo, mama mkubwa hataki yapakwe chokaa mpaka vuli nayo ipite, hamwamini mtu.

Alituachia ushauri mmoja wa matunzo ambao sikuwahi kuusikia: sehemu ya bati inayowahi kufa si ile inayonyeshewa, ni ile iliyo chini ya ukingo ambako mvua haifiki kuosha chumvi. Kwa hiyo kaskazi ikiisha, chukua mpira wa maji baridi, yasiyo ya chumvi, osha kwa chini kuzunguka nyumba nzima. Ukiona jani au matope yamekaa kwenye gata, toa siku hiyo hiyo.

Hawana ofisi wala bango. Vukeni Bweni, waulizeni vijana wa bodaboda pale kivukoni fundi bati wa nyumba za mawe, mtapelekwa. Kazi za vigae hawafanyi, na makuti wanasema wana wenzao. Kuwapata vizuri ni Juni hadi Septemba, masika imeisha na vuli haijaanza. Kukagua hawatozi; nauli ya kivuko na chai ni juu yako, na chai iwe ya moto akishashuka, si akishafika.